Ukuta Usiozuia Macho

Wiki hii wakaguzi walikuja na wakaondoka, mdogo wangu naye amejifungua salama baada ya hofu nyingi, lakini mimi, mwalimu wa sanaa, bado nimenaswa na maneno machache niliyoambiwa kwenye ujia wa shule nikiwa na gundi vidoleni.

Tulikuwa tukibandika kazi za darasa la tatu kwa ajili ya maonyesho ya mwisho wa muhula. Mwenzangu anayefundisha hisabati, yule niliyewahi kumsifu hapa kwa subira yake, alisimama mbele ya mchoro mmoja, akauinamia, kisha akasema, "Huu tuubandike nyuma ya mlango, Mwalimu. Wazazi watadhani hatuwafundishi watoto wao." Nikamjibu kwamba utabaki pale pale ulipo. Akacheka na kusema, "Haya, Mwalimu, kwako wewe kila doa ni sanaa."

Kila doa! Nimeyarudia maneno hayo nikiosha brashi, nikiyasikia mara kama utani wa rafiki, mara kama hukumu ya mtu anayeamini kwamba kipindi changu ni mapumziko yenye rangi. Hilo alilolitazama kama doa lilikuwa mvua. Mtoto aliichora kwa krayoni nyeupe, mistari isiyoonekana kabisa kwenye karatasi nyeupe, kisha akapaka rangi ya maji ya buluu juu yake. Na kwa kuwa nta ya krayoni hukataa maji, mvua ikajitokeza yenyewe. Darasa zima lilipiga kelele za furaha tulipolifanya zoezi hilo.

Kilichomkera zaidi, nadhani, ni nyumba. Ukuta wake wa mbele umechorwa na matofali yake, lakini hauzuii macho: bibi anaonekana amelala, paka yuko chini ya kitanda, na hata sarafu zilizo ndani ya mfuko wa shati la baba zinahesabika. Siku ile nilimuuliza msanii wangu ukuta umekwenda wapi. Alinitazama kwa huruma kidogo, akasema, "Upo, Mwalimu. Lakini nikiuziba, mtawaonaje?"

Michoro ya namna hii, inayofanana na picha za eksirei, imeandikwa sana. Mfaransa Georges-Henri Luquet alieleza mwaka 1927 kwamba mtoto huchora anachokijua kuhusu kitu, si anachokiona tu akiwa amesimama mahali pamoja, na Viktor Lowenfeld, mzaliwa wa Austria, akaiweka mwaka 1947 katika hatua ya ukuaji ya watoto wa miaka 7 hadi 9 hivi. Msanii wangu ana miaka minane. Nilikuwa nimeiandaa hotuba yote hiyo kichwani, pamoja na mwaka wa kila mwandishi, tayari kuimwaga katika chumba cha walimu.

Kisha jana nikapita dirishani kwa mwenzangu wa hisabati akiwa anafundisha darasa la sita. Ubaoni alikuwa amechora mchemraba, mchoro safi ajabu, na kingo za upande wa nyuma, zile ambazo jicho haliwezi kuziona, alikuwa akizichora kwa mistari ya vipande vipande huku akiwaambia wanafunzi, "Hizi zipo, ila zimefichwa, kwa hiyo lazima tuzioneshe." Nilicheka peke yangu hadi mwanafunzi mmoja akageuka kunitazama. Hotuba imeyeyuka. Sijamwambia kitu, na huenda nisimwambie. Nimeuhamishia tu mchoro wa nyumba kwenye ukuta ulio mkabala na mlango wa darasa lake.

Sasa kinachoninyima usingizi ni vikombe vya udongo vya darasa la tano. Vishikio vyake vinakauka haraka kuliko vikombe vyenyewe, na viwili vimeanza kupasuka pale vilipoungwa. Nimevifunika kwa plastiki ili vikauke polepole, lakini zamu yetu ya tanuri ni Jumatatu, na udongo wenye unyevu ukipashwa joto kwa pupa, maji hugeuka mvuke na kukipasua chombo. Nitalazimika kuliweka tanuri chini ya nyuzi 100 kwa saa kadhaa kwanza, ikiwa umeme hautakatika.