Kizimba cha paka kisikae stoo

Paka anayekimbilia uvunguni mwa kitanda pindi anaposikia kizimba kinaburutwa kutoka stoo si mkaidi. Amejifunza. Kizimba hicho hukiona mara moja au mbili kwa mwaka, na kila kikitokea yeye hukamatwa, husukumwa ndani, kisha hujikuta mezani kwa daktari wa mifugo. Kwa hiyo kitoe stoo leo, siku ambayo hakuna safari, ukiweke kwenye kona anayopenda kulala. Kibaki hapo mwaka mzima.

Kwanza kikague chenyewe. Paka aweze kusimama humo bila kuinamisha kichwa, kugeuka na kujilaza. Kikizidi sana ukubwa, paka huteleza huku na huku gari likikata kona. Mimi napendekeza cha plastiki ngumu kinachogawanyika vipande viwili, juu na chini. Kinaoshwa kirahisi, na kwa daktari unafungua klipu za pembeni na kuondoa kipande cha juu, paka anapimwa akiwa bado amejilaza kwenye kipande cha chini. Cha kitambaa ni chepesi, lakini paka mwenye kucha na nia hufungua zipu, na mkojo ukishaingia kwenye mshono kuutoa ni kazi. Kama kimeshawahi kukojolewa, kioshe kwa sabuni yenye vimeng'enya (enzaimu, viini vinavyovunjavunja uchafu), ukisuuze na kukianika mpaka kikauke kabisa. Dawa za usafi zenye amonia ziepuke, maana kwa pua ya paka zinanukia mkojo.

Anza na kipande cha chini peke yake, bila mlango wala paa. Tandika taulo analolilalia kila siku, na usilifue kwanza: harufu yake mwenyewe ndiyo inayomwambia kwamba hapo ni kwake. Sahani ya chakula iweke karibu na kizimba, halafu uisogeze kidogo kidogo kila anapoonyesha kuzoea, mpaka ifike ndani kabisa. Angalia miguu ya nyuma. Paka anayekula huku amenyoosha shingo na miguu ya nyuma imebaki nje bado yuko tayari kuruka. Hapo usisogeze tena. Akiingia mzimamzima, akala na kujilamba humo humo, rudisha kipande cha juu, bado bila mlango. Wengine hufika hapo kwa siku chache, wengine kwa wiki kadhaa. Aliyewahi kusukumwa kwa nguvu huchelewa zaidi.

Mlango ndio unaoharibu kazi za watu wengi. Wanamwona paka amelala ndani kwa raha, wanafunga, wanaondoka naye. Imani yote ya wiki tatu inaishia hapo. Tatizo la kwanza ni mlio: ile klipu ikijifunga "tak" karibu na sikio la paka ni jambo geni kwake. Mzoeshe mlio kwanza, bonyeza klipu mlango ukiwa wazi huku anakula. Kisha funga sekunde 2, umpe kitoweo, fungua. Halafu sekunde 5, 10, 30, dakika 1. Ufungue kabla hajaomba kutoka. Akianza kulia au kukwaruza umeshapitiliza, basi mara inayofuata rudi kwenye muda alioumudu. Kitoweo cha kulamba kinafaa kuliko cha kutafuna, kwa sababu kinamshughulisha kwa muda mrefu na unaweza kumpitishia kwenye nafasi za mlango. Ni vizuri kiwe kitu asichokipata mahali pengine popote.

Kukinyanyua nako kuna namna yake. Ukikibeba kwa mpini, kinabembea na kugonga paja lako kila hatua, na paka ndani hana pa kujishikilia. Kishike kwa mikono miwili kutoka chini, ukiegemeze kifuani. Mara ya kwanza nyanyua sentimita chache, shusha, mpe kitoweo. Baadaye tembea nacho chumbani, kisha mpeleke kwenye gari lililozimwa, kisha lililowashwa, kisha mzunguko mfupi na kurudi nyumbani bila kumwona daktari yeyote.

Garini, mahali pazuri ni sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, pale kisipoweza kuteleza. Kifunike kwa kitambaa chepesi, ukiacha upande mmoja wazi hewa ipite. Paka mkubwa mwenye afya asile kwa saa 3 au 4 kabla ya kuondoka, ili asitapike, maji asinyimwe. Dawa ya kupuliza yenye feromoni, yaani kemikali za harufu ambazo paka huwasiliana kwazo, inasaidia baadhi yao, lakini ipulizwe ndani ya kizimba dakika 15 kabla ya paka kuingia, spiriti yake iwe imekwisha kuruka. Akidondosha mate huenda ni kichefuchefu. Akihema mdomo wazi, hilo ni kubwa: simamisha safari, hakikisha hana joto, na asipotulia mara moja mpigie daktari. Kuna dawa za kutuliza ambazo daktari huandika kwa paka wa namna hii, lakini usimpe kidonge cha binadamu kwa kubahatisha. Paracetamol, kwa mfano, inaua paka.

Ikitokea dharura na mazoezi hayajafika popote, simamisha kizimba wima, mlango ukitazama juu. Mfunge paka kwenye taulo, mshushe akitangulia miguu ya nyuma, asione anakoingia. Funga, kisha kilaze taratibu.

Wenye paka wawili, kila mmoja awe na kizimba chake, hata kama hulala pamoja. Paka akiogopa anaweza kumrukia aliye karibu. Na aliyetoka kwa daktari anarudi na harufu ngeni, mwenzake anaweza kumfokea kana kwamba hamjui. Mpe chumba chake saa kadhaa, mfute kwa taulo wanalolilalia wote wawili, ndipo uwakutanishe.