Kitako cha Kisado

Kwa miaka minne nilipima maharage kwa kisado cha bati ambacho kitako chake kilikuwa kimegongwa kwa nyundo kikabonyea kwenda ndani. Kikiwa mezani hakikuonyesha kasoro yoyote, na nilipokijaza hadi kikafanya kilima juu, mteja aliridhika. Lakini ukitia mkono ndani kikiwa kitupu, kiganja kilikutana na nundu. Aliyeniachia meza ile sokoni ndiye aliyenikabidhi kisado hicho, akaniambia kwamba kila mmoja huuza hivyo, nami nikakubali bila kuuliza zaidi.

Katika miaka hiyo yote niliimba kwaya, nilitoa fungu la kumi na sikukosa jumuiya ya Jumatano. Kama ungeniuliza utakatifu ni nini, ningekutajia mavazi, pombe na maneno machafu, kwa kuwa hayo ndiyo niliyosikia yakihubiriwa tangu utoto. Sisemi kwamba hayana uzito. Nasema kwamba yaliniwezesha kujihesabu mtakatifu huku nikimwibia mjane maharage yake.

Jumatano moja ilikuwa zamu yangu kusoma neno, na sura ilikuwa Walawi 19. Inaanza kwa agizo la Bwana, “Mtakuwa watakatifu”, nami nikatarajia kwamba yatakayofuata yatakuwa ya madhabahuni. Ya sadaka yamo, lakini ni machache. Mengi ni ya shambani na sokoni: kingo za shamba zisivunwe zote ili maskini na mgeni wapate chakula, ujira wa kibarua usilale kwa mwajiri wake hadi asubuhi, kiziwi asilaaniwe, kipofu asiwekewe kikwazo njiani. Nilipofika aya ya 35 na 36 nikakutana na mizani ya haki na efa ya haki. Efa ni kipimo cha nafaka, na nilipolitamka neno hilo mbele ya wenzangu sauti ilinikauka, kwa sababu nilikuwa nakiona kisado changu.

Usiku ule niliazima kisado kizima kwa jirani, nikajaza maji katika vyote viwili na kuyapima. Changu kilipungua vikombe viwili vya chai.

Kesho yake nilinunua kisado kipya, na hapo ndipo nilipojua kwamba kuamua ni jambo la kila asubuhi. Kwa kipimo kizima nililazimika kupandisha bei kidogo, na wateja wakaanza kupita. “Mbona kwako ghali, dada?” Nilikuwa nikiwajibu, “Tia mkono ndani, mama, upapase kitako.” Wengine walipapasa wakabaki, wengi walikwenda meza ya pili. Miezi ile ya mwanzo nilikitazama kile cha zamani mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, maana kilikuwa bado chini ya meza.

Lililonisumbua zaidi ni lumbesa. Tunaponunua mahindi vijijini, gunia hujazwa hadi pomoni, kisha likaongezwa shada juu na kushonwa kwa kamba, na mkulima hulipwa kama vile ameuza gunia moja tu. Sheria ya vipimo ya Tanzania hairuhusu gunia la mazao lizidi kilo 100, nasi sote tulilijua hilo. Ugumu ni kwamba mzee mmoja aliniomba mwenyewe, “Jaza tu, mwanangu, nisije nikakosa mnunuzi.” Aliyedhulumiwa alikuwa ameridhia, na moyo wangu ulitaka sana kuichukua ridhaa hiyo kuwa ruhusa. Lakini ridhaa ya mtu mwenye karo ya kulipa na asiye na soko jingine si ridhaa ambayo ningeweza kuisimamia mbele za Mungu. Niliomba mizani. Gunia lile lilikuwa na kilo 128, nikamlipa kwa kilo, na wenzangu tuliokodi nao lori hawakusema nami njia nzima.

Mtume Petro aliwaandikia waumini wa Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia wawe watakatifu “katika mwenendo wenu wote”, na neno hilo “wote” ndilo linalonikosesha maficho. Wazee wetu wa uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Tanganyika, Kenya na Burundi, walilielewa hivyo: mtu aliyeokoka alirudisha alichoiba na kulipa madeni yake, na watu wakamjua kwa hilo. Nami nilitamani kurudisha, lakini Zakayo, yule mtoza ushuru aliyeahidi mbele ya Yesu kurudisha, aliwajua aliowadhulumu, na mimi sikuwajua wangu wote.

Mmoja nilimjua. Ni mama aliyenunua kwangu kila Jumamosi kwa miaka ile yote minne. Nilikwenda kwake na debe la maharage, nikamweleza habari ya kisado tangu mwanzo, bila kumtaja aliyenipa. Alinyamaza muda mrefu, akayapokea maharage, akaniambia kwamba amenisamehe. Bado hununua kwangu. Kila Jumamosi, kabla sijampimia, hutia kiganja ndani ya kisado na kupapasa kitako, nami namngoja mpaka amalize.