Ukianguka, iache: baiskeli ya tairi moja ya inchi 36

Kwenye kikundi chetu cha sarakasi Dar es Salaam, mkono ulifundishwa kabla ya miguu. Ukihisi unachomoka kwenye baiskeli ya tairi moja, mkono wa kulia unarudi nyuma na kudaka siti, miguu inatua, unawapungia watazamaji kana kwamba ndivyo ilivyopangwa. Baiskeli zilikuwa chache na siti ya akiba haikuwepo, kwa hiyo aliyeiacha idondoke alisemwa kuliko aliyechubuka goti. Zote zilikuwa za inchi 20. Kuanguka nazo ni kama kukosea ngazi ya mwisho: unayumba, unacheka, unapanda tena.

Sasa naishi Bristol, Uingereza, na ninayoendesha ni ya inchi 36. Tairi peke yake lina kipenyo cha sentimita 91, na nikiwa juu naona bustani za watu ng'ambo ya ukuta. Haina mnyororo wala gia. Pedali zimeshikana na ekseli, ile fimbo ya katikati ya tairi; tairi likizunguka miguu inazunguka, upende usipende. Mzunguko mmoja unanisogeza karibu mita 2.87, wakati ile ya inchi 20 ilinisogeza kama mita 1.6. Maana yake, miguu ikizunguka mara 100 kwa dakika, ile ya zamani haikufika kilomita 10 kwa saa. Hii inapita 17. Na tairi hili ni zito: ukikandamiza pedali kurudi nyuma ili upunguze mwendo, halikusikii papo hapo.

Kwa hiyo ile tabia ya kudaka siti nimelazimika kuiua. Mkono ukibaki nyuma umeshika siti, bega linavutwa upande, kiuno kinapinda, na miguu inayotakiwa kukimbia inajikuta inakwaana yenyewe kwa yenyewe. Siti itachubuka, sawa. Siti inauzwa dukani.

Miguu hapa inaanzia juu kuliko mtu anavyodhani. Krenki zangu, yaani mikono inayoshika pedali, ni za milimita 150, na ekseli iko kama sentimita 46 kutoka chini. Pedali ikiwa chini kabisa, unyayo uko sentimita 31 juu ya lami. Ikiwa juu kabisa, uko 61. Hesabu hii inaamua ushukie mguu gani. Unapoamua kushuka kwa hiari, subiri mguu mmoja ufike chini, mimina uzito wote hapo, kisha ule wa juu utoke na kutangulia mbele ya tairi. Ukitoka na mguu wa chini kwanza, wa juu unabebwa na pedali inayozunguka, na ugoko wako utakutana na zile pini za pedali zinazozuia kiatu kuteleza. Alama zake hazifutiki haraka.

Neno kubwa katika kuanguka huku ni moja: mbele. Ukiondokea nyuma, tairi linachomoka mbele yako, unakalia kifupa cha mkia, na mikono inajitupa nyuma kukuokoa. Ndipo vifundo vya mikono huvunjika. Mara nyingi hutokea unapoanza safari au unapopanda kilima, kwa sababu umesukuma pedali kwa nguvu huku kifua kimebaki nyuma. Kwa hiyo mahali penye shaka naegemea mbele kidogo kuliko inavyohitajika. Nikikosea, basi nikosee kwa kuelekea huko ambako nina miguu.

Nilianzia kwenye nyasi za Eastville Park, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Naendesha hatua chache, nashuka mbele, naiacha baiskeli ianguke nyuma yangu bila kugeuka kuitazama. Hilo la kutogeuka lilinichukua muda kuliko kushuka kwenyewe. Kisha mwendo ukaongezeka, nikaanza kukimbia baada ya kutua: hatua ya kwanza ndefu, kifua kimevutwa nyuma kidogo, hatua za kati fupifupi, halafu unasimama. Watu waliokuwa wakitembeza mbwa waliniona kichaa. Mmoja aliniuliza swali ambalo kila mwenye baiskeli hii huulizwa kila atokapo: "Tairi jingine umeliacha wapi?"

Nyasi zilipokauka nikahamia kwenye lami. Kutoka Bristol hadi Bath kuna njia ya baiskeli iliyojengwa juu ya reli ya zamani, kama kilomita 21, na kwa kuwa ilikuwa ya treni, miinuko yake ni ya taratibu. Ni mahali pazuri pa kujifunza tairi kubwa, ila jihadhari na mizizi ya miti iliyoinua lami kwa chini. Huioni mpaka uko juu yake.

Karibu na Warmley, kwenye njia hiyo, ndipo nilichomoka kwenye baiskeli kwa mwendo ambao miguu haikuumudu. Hili ni jambo ambalo kwenye inchi 20 hulikuti kabisa. Kwenye kilomita 20 kwa saa unakuwa unasafiri zaidi ya mita 5 kwa sekunde, na mguu unaogusa chini unatakiwa uwe tayari kwenye kasi hiyo tangu hatua ya kwanza. Usain Bolt mwenyewe alianza na vibao vya kusukumia. Nilipata hatua mbili, labda na nusu, na nikajua ya tatu haipo. Hapo usilazimishe. Nilikunja magoti nikashuka chini kwa makusudi, vikinga vya magoti vikagusa kwanza, halafu viganja, viwiko vikiwa vimelegea. Nikasikia plastiki ikikwaruza lami, sauti mbaya lakini tamu kuliko zote, na nyuma yangu siti ikadunda. Niliteleza, nikasimama, nikajipapasa. Suruali ilikuwa imetoboka, ngozi ilikuwa nzima.

Siri yake ni ile plastiki ngumu iliyo kwenye kikinga cha kiganja. Kiganja kitupu au glavu ya kitambaa hunata kwenye lami. Mkono unasimama, mwili unaendelea, na nguvu yote inaishia kwenye kifundo. Plastiki inateleza, nguvu inagawanyika kwenye urefu wa mtelezo. Kiwiko kilichonyooka ni hatari ile ile kwa sababu ile ile. Ningelazimika kuchagua kati ya vikinga vya viganja na vya magoti, ningechukua vya viganja, lakini hakuna anayenilazimisha, kwa hiyo navaa vyote pamoja na helmeti. Kamba za viatu nazichomeka ndani. Kamba ikijizungusha kwenye krenki, mazoezi yote ya kushuka mbele hayana kazi, maana mguu mmoja unabaki umefungwa huko huko.

Wazee wa kale walilijua tatizo hili. Zile baiskeli za karne ya 19 zenye tairi kubwa mbele na dogo nyuma ziliwarusha watu kichwa kwanza, hivyo kwenye mteremko waendeshaji walipitisha miguu juu ya usukani, ili wakirushwa watue kwa nyayo. Thomas Stevens alizunguka dunia kwa baiskeli ya aina hiyo kati ya 1884 na 1886. Na hapa jirani, Somerset, alitoka kijana Ed Pratt aliyeondoka mwaka 2015 akazunguka dunia kwa tairi moja la inchi 36, akarudi 2018. Huwa namfikiria kwenye suala moja tu: kila alipoanguka na mizigo yake, alipandaje tena?

Maana kupanda ndiko kunakochosha. Ukianguka kwenye inchi 20 unarukia juu popote ulipo. Hii yangu, bila nguzo au ukuta wa kushikilia, napanda kwa bahati zaidi kuliko ujuzi. Siku ile ya Warmley hapakuwa na nguzo. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na mkewe alisimama, akatazama suruali yangu, akatazama tairi, akanipa bega bila kuuliza lolote. Mkewe ndiye aliyeuliza lile la tairi jingine.

Mama nilipomtumia video alisema, "Mwanangu, huko Ulaya umekosa hata ya tairi mbili?" Kisha akataka nimwonyeshe viganja mbele ya kamera, vyote viwili, mbele na nyuma.

Kwa sasa plastiki ya kikinga cha kiganja cha kulia imelika mpaka misumari yake inaonekana, na ya kushoto inang'aa kama ilivyotoka dukani. Bila shaka miaka ya kudaka siti kwa mkono wa kulia bado inanivuta upande huo. Kwa hiyo nimerudi Eastville Park, nashuka nikianza na mguu wa kushoto tu, mwendo wa kutembea, na mpaka jana nilikuwa natua vibaya kabisa.