Nilivyokusanya nyenzo za sayansi zinazofunguka bila bando

Silabasi huja mwanzo, Google baadaye. Ukiandika jina la somo peke yake utaletewa matangazo, na vitini vilivyonakiliwa kutoka vitini vingine pamoja na makosa yake. Mimi nachukua mada ndogo moja kama ilivyo kwenye silabasi, kwa Kiingereza maana ndicho kinachosomeshewa sayansi sekondari, naifunga kwenye alama za kunukuu, kisha naongeza filetype:pdf ili Google ilete mafaili ya PDF tu. Takataka nyingi hubaki nje.

Kabla ya kushusha chochote napita tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania. Walimu wengi huishia kwenye mitihani iliyopita, na hazina yenyewe iko pembeni: taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa wa Kidato cha Nne. Zinaeleza kila swali lilitaka nini na watahiniwa waliteleza wapi, mpaka vipande vya majibu yao vya mkono vimo. Ukishajua wanateleza wapi, unajua utafute jaribio gani. Vitabu vya kiada vimo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Kwa mwalimu anayetaka kina zaidi, OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice inatoa vitabu kamili vya PDF bure; ila vingi ni vya kiwango cha chuo, usimpe mtoto wa Kidato cha Pili.

Kwa majaribio naanza na PhET, tovuti ya majaribio ya kuigiza kwenye skrini ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, iliyoanzishwa 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia ya 2001. Chagua yaliyoandikwa kwa HTML5, bonyeza alama ya kushusha, na jaribio zima linakuja kama faili moja la megabaiti chache linalofanya kazi bila intaneti. Yale ya Flash yaache, Flash ilizimwa mwisho wa 2020. Mengine yana tafsiri ya Kiswahili, jina la faili huishia na _sw. Nashusha yote mawili: la Kiswahili la kuelewea, la Kiingereza kwa ajili ya istilahi za mtihani.

Chukua lile la saketi za umeme. Betri yake huanza na volti 9 na taa ina ukinzani wa omu 10, kwa hiyo amita itasoma ampea 0.90. Taa ya pili ikiongezwa kwa mfululizo, 0.45, zikiwekwa sambamba, amita iliyo karibu na betri inasoma 1.80. Wanafunzi waandike utabiri wao kwenye daftari kabla ya kugusa kitu, la sivyo watachezea tu. Wakiunganisha betri kwa waya mtupu moto unawaka kwenye skrini. Waache waione, ndiyo shoti pekee nitakayoiruhusu darasani. Lakini jaribio hili lina udanganyifu mmoja: taa yake ya kawaida inafuata kanuni ya Ohm moja kwa moja, hivyo grafu ya volti na ampea inatoka mstari ulionyooka. Kwenye glopu halisi uzi unapata moto, ukinzani unapanda, grafu inapinda. Baada ya skrini, basi, toa glopu ya tochi na betri mbili za volti 1.5, wapime wenyewe.

Malalamiko makubwa ya wanafunzi ni kwamba faili la jaribio limefika kwa WhatsApp lakini halifunguki: skrini nyeupe, au herufi tupu. Faili halina kasoro. Simu imelifungulia kwenye kisomaji kisichoendesha JavaScript, yaani lugha ya programu inayolitembeza jaribio. Lihifadhi kwanza, ulishike kwa kidole, chagua kufungua kwa Chrome.

Darasa likiwa kubwa, kutumiana mafaili hakufai tena. Hapo natumia Kolibri, programu ya bure inayogeuza kompyuta moja kuwa maktaba. Simu zinajiunga na ruta yoyote ya zamani, hata isiyo na laini, kisha wanafunzi wanaandika kwenye kivinjari anwani ya kompyuta ikifuatiwa na :8080. Nilidhani hotspoti ya Windows ingetosha, haikutosha: inapokea vifaa 8 tu, na mara nyingi inagoma kuwaka kama kompyuta yenyewe haina intaneti. Ruta ikiwaka na ukurasa usifunguke, angalia kinga ya Windows (firewall), iruhusu Kolibri kwenye mtandao binafsi. Na ukiona anwani ya jana leo haifanyi kazi, ruta imeibadilisha. Ingia kwenye mipangilio yake uifunge kompyuta na anwani moja.

Masomo ya Khan Academy yanaingia humo humo, lakini usishushe yote, ni makumi ya gigabaiti. Weka alama kwenye mada unazozitaka, shusha kwa bando la usiku. Ensaiklopidia naiweka kwa Kiwix, programu ya kusomea Wikipedia bila intaneti. Tatizo lake huja wakati wa kunakili: flashi nyingi zimefomatiwa FAT32, nayo haibebi faili linalozidi GB 4, hata kama flashi ni ya GB 64. Ifomati upya kwa exFAT, baada ya kuhamisha vilivyomo, maana vitafutika.

Kilichobaki ni kukagua kama nyenzo inajua tunaishi wapi. Umeme wa Marekani ni volti 120 na hezi 60, wetu ni 230 na 50. Hesabu za gharama za umeme zikifuatwa bila kubadilishwa zinatoka kioja. Kwenye maji kujaa na kupwa natafuta mchoro unaoonyesha bamvua (maji makubwa) na maji mafu (madogo) pamoja, kwa sababu watoto wa pwani wanajua tayari bamvua huja mwezi mwandamo na mwezi mpevu, wanachokosa ni sababu.

Jua ndilo linalokosewa zaidi. Michoro mingi ya Ulaya husema jua la adhuhuri liko kusini mwaka mzima. Pemba iko kiasi cha digrii 5 kusini mwa ikweta: Juni jua la adhuhuri liko kaskazini, Disemba kusini, na mara mbili kwa mwaka linapita utosini. Fungua Stellarium, programu ya bure inayoonyesha anga, weka Chake Chake, peleka tarehe wiki ya kwanza ya Machi kiasi cha saa 6:30 mchana, au wiki ya kwanza ya Oktoba kiasi cha saa 6:10. Siku hizo simamisha kijiti uwanjani, kivuli kinakaribia kupotea. Kikibaki kirefu, kabla ya kuilaumu programu pima kijiti kwa timazi, huenda kimeinama.