Chungwa na mwezi wa asubuhi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kabla ya chai natoka uani kuangalia. Leo ni siku ya 17 tangu mwezi uandame, kwa hiyo bado uko juu ya minazi upande wa magharibi, mweupe kama nazi. Watoto wangu wa darasa la tatu hapa Jambiani, Unguja, wanaapa kwamba mwezi ni wa usiku tu. Natia chungwa mfukoni.

Saa moja na robo. Tunabaki uwanjani. Usiku unatoka wapi? "Jua linazama baharini, Mwalimu!" Hayo ni ya picha za vitabuni, bahari yetu iko mashariki, jua linachomoza humo. Wanacheka. Basi kichwa ni dunia, pua ni Unguja, geukeni polepole kushoto. Jua likiingia kwa pembe ya jicho la kushoto, kumekucha. Likipotelea kulia, limekuchwa. Likiwa kisogoni, usiku wa manane. Mzunguko mmoja, saa 24.

Saa moja na nusu. Nanyoosha mkono, chungwa limekaa pembeni mwa mwezi. Jua linavimulika vyote viwili, na ule ukingo mwembamba wa kivuli uko upande ule ule. Kimya. Mimi skuli niliambiwa mwezi hupunguzwa na kivuli cha dunia, nikaamini mpaka ukubwani. Kumbe nusu yake huwa na mwanga daima. Sisi ndio tunaiona yote, au kipande, kadiri unavyotuzunguka, siku 29 na nusu toka kuandama hadi kuandama.

Saa nne. Kanga madirishani, tochi ndiyo jua. Mtoto mmoja analipeleka chungwa nyuma ya kichwa chake, likazima. "Umepatwa!" Kweli, hapo ndipo kivuli cha dunia kina kazi. Linyanyue kidogo: njia ya mwezi imeinama kama nyuzi 5, ndiyo maana haupatwi kila mwezi.

Saa sita kasoro. Maji yametoka, kina mama wako kwenye mwani. "Bamvu likiisha, mama anapumzika," ananiambia binti mmoja. Bamvu ndiyo maji kujaa na kutoka sana. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, unavuta bahari mstari mmoja na jua. Ningeanzia hapa, wallahi. Kalenda hii wanaijua tangu wanatambaa.

Saa tatu usiku. Nimekaa barazani. Jana mwezi ulitoka mapema zaidi, karibu dakika 50. Sauti ya mtoto wa jirani, ambaye angekuwa amelala:

"Mwalimu! Unatoka! Umechongoka upande!"