Kiwanja cha zawadi ubavuni mwa makumbusho: tulivyokifikisha kwenye hati ya halmashauri

Barua ya kuipa halmashauri yetu kiwanja kinachopakana na makumbusho yetu ya historia, yaliyomo ndani ya boma la Wajerumani, ilikuwa na mistari sita. Madiwani walifurahi. Umiliki ulikuwa bado haujahama hata hatua moja.

Kwa Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999, ardhi yote ni mali ya umma na Rais ni mdhamini. Anachotoa mtu ni haki ya kumiliki, kwa miaka iliyobaki tu. Kwa hiyo nilianza na muda ulioandikwa kwenye hati: miaka 33, 66 au 99. Hati ya miaka 33 iliyoanza 1995 inaisha 2028, na zawadi ya namna hiyo inakuja na kazi ya kuhuisha umiliki.

Kisha upekuzi kwa Msajili wa Hati. Nakala ya hati haitoshi. Upekuzi ndio ulioonyesha kwamba mmiliki ni marehemu, ilhali barua imesainiwa na watoto wake. Watoto hawawezi kutoa. Ateuliwe kwanza msimamizi wa mirathi (Mahakama ya Mwanzo hutoa Fomu Namba 4, yaani barua ya usimamizi), asajiliwe kwenye hati, ndipo ahamishe. Miezi yetu mingi iliishia hapo. Niliomba pia ridhaa ya maandishi ya kila mrithi, maana kinachotolewa kinatoka kwenye fungu lao. Mtoaji akiwa hai na ana ndoa, dai ridhaa ya mwenzi wake.

Mpimaji alikuta bikoni (alama za mipaka) mbili kati ya nne, na ukuta wa jirani umeingia ndani kama mita moja. Malizeni hilo mtoaji akiwa bado mwenye mali. Mkishapokea, mgogoro ni wenu.

Masharti ndiyo yaliyotaka maneno mengi. Familia ilitaka kiwanja kirudi kwao matumizi yakibadilika. Tulikataa: jengo la fedha za umma lingeondoka nacho. Tukakubaliana washauriwe kwa maandishi kabla ya mabadiliko yoyote, na kibao cha jina la baba yao kiwekwe getini.

Azimio la kupokea zawadi lipite Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, Kamati ya Fedha na Uongozi, halafu Baraza. Muhtasari wetu wa kwanza uliandika "kiwanja karibu na makumbusho", ukarudishwa, tukasubiri kikao cha robo iliyofuata. Andika namba ya kiwanja, kitalu na namba ya hati. Mpokeaji awe Halmashauri, si Mkurugenzi, kwani wakurugenzi huhamishwa.

Maombi ya uhamisho yalikwenda na Fomu Na. 29 (taarifa ya uhamisho), 30 (maombi ya kibali) na 35 (uhamisho wenyewe), hati halisi, stakabadhi za kodi ya pango la ardhi na taarifa ya mthamini aliyesajiliwa. Ndiyo, uthamini hata kama hakuna bei. TRA, mamlaka ya mapato, tuliwaandikia mapema kuuliza kodi ya uhamisho, tusije tukamshtua mtoaji kwa bili ya hisani yake mwenyewe.

Hati ilisema makazi, hivyo mabadiliko ya matumizi yalifuata chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Mashimo ya nguzo za uzio tuliyachimba kwa sururu, bila mashine, mhifadhi wa makumbusho akisimama pale: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka masalia yakionekana yaripotiwe, na kijiko cha trekta hakioni kigae.