Nimelala stesheni, na safari hii imelipiwa

Mi ni mtoto wa kota za reli. Mzee alikuwa stesheni masta Reli ya Kati, Tanzania, tumehamahama stesheni tatu tofauti nikiwa mdogo, kwa hiyo nikisikia mahali stesheni imegeuzwa hoteli roho inagawanyika, nusu inafurahi kwamba jengo limepona, nusu inauliza sasa treni imeenda wapi. Basi mwezi uliopita mke wangu, ambaye kachoka na stori za mabehewa, akanilipia usiku mmoja Canfranc. Nikamwambia hela yote hiyo kulala stesheni, mbona utotoni tulikuwa tunalala bure tukisubiri treni iliyochelewa, akasema nyamaza funga begi.

Canfranc iko Hispania, juu kabisa kwenye milima ya Pyrenees, ng'ambo ya mlima ni Ufaransa. Tulitoka mji wa Jaca kwa gari, kilomita kama 25 za kupanda, bonde linazidi kubana, unajisemea huku hakuna kitu, halafu paap, jengo hilo hapo mbele yako. Jamani! Urefu mita 241. Kijiji chenyewe unakizunguka kwa miguu na chai yako haijapoa. Wenyeji wanasema lina madirisha 365, nilianza kuhesabu, nikafika arobaini na kitu nikavutwa mkono.

Kwanini kubwa hivyo? Geji, yaani nafasi kati ya vyuma viwili vya reli. Hapo ndo utamu ulipo. Reli za Hispania zina upana wa mita 1.67 hivi, za Ufaransa mita 1.435, kwa hiyo hakuna treni iliyoweza kupita moja kwa moja. Reli za huku zikaishia upande mmoja wa jengo, za kule upande wa pili, na kila abiria na kila gunia lilishuka, likapita katikati, forodha, pasipoti, likapanda upya. Maofisa wa Ufaransa walikuwa na ofisi zao humohumo, ndani ya ardhi ya Hispania. Aliyewahi kufika Kidatu pale mizigo inapohamishwa kati ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, na Reli ya Kati hahitaji kuelezwa zaidi, ila Kidatu hatukujenga kasri.

Ilizinduliwa 18 Julai 1928, Mfalme Alfonso XIII kaja, Rais Doumergue wa Ufaransa kaja. Halafu mikosi ikafuatana, uchumi wa dunia ukaporomoka, Hispania wakapigana wenyewe kwa wenyewe, na ilipofika Vita Kuu ya Pili ndo stesheni ikapata kazi ambayo hakuna aliyeipanga. Mkuu wa forodha wa Kifaransa, Albert Le Lay, akawa anawavusha Wayahudi kimyakimya na kupitisha taarifa za siri, mpaka 1943 naye ikabidi akimbie. Na kwenye jengo hilohilo, miaka hiyohiyo, ilikuwa inapita dhahabu ya Wanazi, tani kwa tani. Ushahidi wa makaratasi umekuja kuonekana mwaka 2000, dereva mmoja wa basi, Mfaransa, kaokota nyaraka za forodha zimetapakaa tu pale stesheni! Miaka hamsini na kitu hakuna aliyefagia. Nilipomsimulia mzee kwenye simu akasema unaona, ndo maana mi nilikuwa sitaki watu wachome makaratasi yangu.

Sasa kilichoiua ni mahindi. Tarehe 27 Machi 1970, upande wa Ufaransa, treni ya mizigo imebeba mahindi ikashindwa mlima, ikaanza kurudi kinyumenyume bila breki kushika, ikaliangusha daraja la L'Estanguet. Ufaransa hawakulijenga tena, hadi leo. Jengo lote lile, reli upande wa pili haina pa kwenda. Treni chache za Hispania ziliendelea kuja ila jengo lenyewe likaachiwa theluji, paa likatoboka, watu wakabeba walichoweza kubeba. Handaki la reli la zamani wanasayansi wakaona linafaa, wamefungua maabara chini ya mlima wanatafuta chembe ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Afadhali wao wamepata matumizi.

Baadaye serikali ya jimbo la Aragón ikalichukua na kuanza kulitengeneza. Stesheni mpya, ndogo, ikafunguliwa nyuma yake 2021, na hoteli ikafunguliwa Januari 2023, vyumba 104. Ukumbi wa zamani wa abiria sasa ndo mapokezi, na hapo sina neno, dari lile liko juu sana mtu unajikuta unaongea kwa kunong'ona. Kuna mgahawa ndani ya behewa. Kuna bwawa la kuogelea ndani, hilo mzee alicheka mpaka akakohoa.

Ila usiku sikulala vizuri, na kosa si la kitanda. Kimya. Niliamka kama saa tisa nasubiri honi, mwili umezoea kwamba stesheni lazima kitu kipite usiku, sisi kota tulikuwa hatushtuki treni ikipita, tulikuwa tunashtuka isipopita. Na ukiangalia nje wageni karibu wote wameegesha magari. Sisi pia, sijitoi.

Asubuhi nikamwacha mke na chai yake nikazunguka nyuma, kwenye ile stesheni ndogo. Kitreni cha dizeli kinajiandaa kushuka, abiria sikuwahesabu zaidi ya sita. Dereva akapunga mkono, nikarekodi kinavyoondoka, nikamtumia mzee pamoja na picha za hoteli kama ishirini.

Akajibu kwa sauti, za hoteli hakuzigusia kabisa.

"Nimeiona treni. Gadi kapanda wapi?"